Dawa ya King'ora

Nilikuwa mzima kabisa mpaka siku mume wangu alipochelewa kutoka ardhini. Nilikuwa nakula vizuri, nalala fofofo, nagombana na majirani kwa kiasi cha kawaida, na kama nilikuwa na ugonjwa wowote, basi ni uvivu wa kwenda kuchota maji asubuhi. Hayo yote yalibadilika mchana mmoja.

Tuliishi kambini, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ambao sina haja ya kuutaja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi na mume wangu tulitoka Shinyanga, nchi tambarare, ambako mbuzi wako akitoroka unaweza kukaa kitako ukamtazama anavyotoroka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huko Geita ni vilima na miti, na vilima vilinifanya nijione kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nyumba za kambi zilijengwa kwa mstari, ukuta mmoja watu wawili, kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani na wewe unageuka.

Juu ya nyumba ya mashine palikuwa na king'ora. Kililia asubuhi watu wanaposhuka, kikalia tena zamu zinapopokezana. Tulikiita ng'ombe wa Mzungu, kwa sababu kililia kama fahali aliyekanyagwa mkia. Mlio mfupi ulikuwa wa zamu. Mlio mrefu usiokatika ulikuwa wa hatari, na huo maana yake wanawake tuache tulichoshika, twende tukasimame kwenye uzio.

Siku hiyo mlio ulikuwa mrefu. Kizimba cha chuma kinachowashusha na kuwapandisha watu kilikwama katikati ya shimo kikiwa na watu ndani, mume wangu akiwemo. Hakuna aliyeumia. Walining'inia tu gizani kuanzia mchana mpaka jua linaelekea kuzama, huku mafundi wakigonga vyuma juu yao. Sisi tulisimama kwenye uzio. Walipopandishwa, mume wangu alitoka na vumbi mpaka kwenye kope, akanitafuta kwa macho, akanifikia, akasema, "Leo umepika nini?"

Sikuwa nimepika kitu. Nilicheka, wenzangu wakacheka, tukarudi nyumbani. Nikasonga ugali, akala, akalala.

Asubuhi yake king'ora kilipolia, mlio mfupi wa siku zote, nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Uji wote ukanimwagikia miguuni.

Nilikwenda zahanati ya kambi kwa ajili ya malengelenge, na nilipokuwa pale nikamweleza dresa, mfunga vidonda wa pale, habari za mikono yangu, kwamba inatetemeka yenyewe bila ruhusa, na kwamba moyo unakimbia kama unafukuzwa na nyuki. Alikuwa kijana mwenye koti jeupe na haraka nyingi. Alinipaka dawa ya rangi ya zambarau miguuni. Kuhusu mikono na moyo akasema, "Usiwe na mawazo, mama."

Mimi ni mtu mtiifu. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, nikaanza kutokuwa na mawazo. Nilijikataza kuwaza shimo, kizimba na ile kamba ya chuma, na kabla kivuli cha nyumba hakijasogea nilikuwa nimeviwaza kuliko mtu aliyevitengeneza. Dawa hiyo nikaitupa.

Ndipo nilipoamua kujitibu mwenyewe. Sikumwambia mume wangu. Nilichojua ni kwamba mwili ni wangu, unakula chakula changu, na haiwezekani unifanyie kiburi namna ile bila mimi kujaribu kuurudi.

Nilianza na maji ya baridi. Asubuhi za Geita kuna ukungu unaoingia mpaka ndani ya mifupa. Nilikuwa nakwenda kijitoni mapema, najimwagia maji kwa kibuyu, nikiamini kwamba mtu aliyezoea maji yale hatashtushwa na kitu kingine duniani. Kwa siku chache nilidhani nimepona. King'ora kilipolia nilikuwa tayari natetemeka kwa baridi, kwa hiyo sikuweza kujua ninatetemeka kwa ajili ya nini. Halafu nikapata mafua, nikaacha.

Baadaye nikaiacha chai. Hii nilishauriwa na jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Pangani ambaye mumewe alikuwa fundi wa pampu kule chini. Alinizidi umri, nami nilimwamkia kila asubuhi, na kila asubuhi baada ya kuitikia marahaba alinisahihisha Kiswahili changu. Nilikuwa nasema "habali" na "balabala" kwa mdomo wa Kisukuma ambao haujui tofauti ya kurudi na kuludi. Alikuwa mwanamke mtulivu ajabu. King'ora kikilia yeye anaendelea kukuna nazi zake, ambazo sijui alizipata wapi katika nchi ile.

"Wewe mdogo wangu," aliniambia, "unakunywa chai kama unazima moto. Chai nyeusi, sukari ya posho yote, mchana kutwa. Moyo utaacha kukimbia vipi?"

Niliacha chai siku hiyohiyo. Kesho yake kichwa kiliuma kana kwamba kuna mtu anatwanga ndani. Siku iliyofuata nilimfukuza mume wangu mezani kwa kosa la kutafuna kwa sauti. Alichukua sahani yake akaenda kula kwa rafiki zake, na aliporudi jioni alikuwa ameficha majani ya chai mfukoni.

"Mpikie huyu mgeni chai," alisema.

"Mgeni gani?"

"Huyu aliyekuja badala ya mke wangu."

Nikarudia chai, lakini ya asubuhi tu, na nakiri kwamba usingizi uliongezeka kidogo. Hilo nililiweka akilini, ingawa mikono haikusikia habari.

Ramadhani ilipoingia nilijaribu kufunga pamoja na jirani. Mimi nilikuwa nimebatizwa misheni, na dini yangu ilikuwa na mifungo yake ya kistaarabu ambayo mtu anaweza kuvumilia. Huu wa jirani ulikuwa mfungo wa kweli. Mume wangu alinikuta nimelala kwenye mkeka mchana, midomo mikavu.

"Sasa umesilimu?" akauliza.

"Hapana. Nina njaa tu."

"Njaa tunayo ya kutosha nyumbani kwetu Shinyanga. Hukuwa na haja ya kuja kuitafuta huku."

Nilifunga mpaka nikaanza kukichukia king'ora kwa sababu mpya, kwamba kinalia wakati sina kitu tumboni. Jirani yangu alinionea huruma, akanipa tende moja kabla ya wakati na kuniambia Mungu anaelewa kwamba mimi ni Msukuma.

Ikawa basi nimejaribu kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Sikumbuki wazo lilinijiaje. Nadhani lilitoka kwa ng'ombe wa kweli. Utotoni niliogopa dume moja la baba yangu, na niliacha kuliogopa nilipopewa kazi ya kulinywesha maji, kwa sababu mnyama unayemtazama akinywa huwezi kuendelea kumwona shetani. Nikasema, huyu ng'ombe wa Mzungu nitakwenda kumwona akiwa nyumbani kwake.

Mwangalizi wa nyumba ya mashine alikuwa mzee wa Kizinza asiye na meno ya mbele. Miaka mingi chini ya king'ora ilikuwa imeyamaliza masikio yake, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipofika mlangoni.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, masikio yangu yameliwa na huyu hapa."

"Naomba kusimama hapa anapolia."

"Unataka kulia?"

"King'ora. Kinapolia. Nataka kusimama karibu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimekusudia kusema kwa siri. Ikabidi nipige kelele, katikati ya mashine, milango ikiwa wazi, mafundi wakipita na toroli zao. "Nakiogopa."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha mafuta. Akasema, kwa sauti kubwa ileile ya kiziwi, "Mimi namwogopa bata. Ana tabia mbaya yule. Ingia, simama pale."

Nilisimama pale. Nilikuwa nimekuja na kikombe cha bati nilichokijaza maji, nikisema maji yatanionyesha mikono inafanya nini, kwa kuwa macho ya mtu mwenye hofu yanaweza kudanganya lakini maji hayana sababu ya kudanganya. Mzee akavuta mnyororo. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimekaa nje nyuma ya rundo la kuni, kikombe kimelala kwenye nyasi, na sikujua nimefikaje.

Siku iliyofuata nilirudi. Nililowa mpaka kiunoni, lakini nilibaki ndani. Nikarudi tena. Mzee alianza kunifundisha. "Ukiona nashika mnyororo, toa pumzi. Usivute. Wanaovuta ndio wanaoruka." Nikatoa pumzi. Kumbe king'ora nacho kinaanza kwa kuvuta pumzi. Kabla hakijapiga kelele kuna mngurumo mdogo, wa chini, kama mtu mzima anayejikohoza kabla ya kusema jambo. Miezi yote ile nilikuwa nausikia mlio ukija ghafla kutoka mbinguni, na kumbe ulikuwa unabisha hodi. Nikaanza kuungoja ule mngurumo, nikitoa pumzi polepole, na maji yaliyobaki kwenye kikombe yakawa yanaongezeka.

Kilichoongezeka pia ni maneno. Mwanamke kijana anayekwenda nyumba ya mashine kila siku na kikombe mkononi, na anapiga kelele humo ndani, kambi nzima haikuhitaji kuelezwa. Mume wangu alisubiri mpaka tulipokuwa tunakula.

"Watu wanasema una mwanaume kule kwenye mashine."

"Ni kweli," nilisema. "Hana meno, hasikii, na anaogopa bata."

Hakucheka. Nikamweleza yote basi, tangu uji mpaka kikombe. Alisikiliza akiwa ameinamia tonge lake, akanawa mikono, akatoka nje kuvuta sigara. Nilidhani amenikasirikia kwa kumficha. Kwa siku mbili tatu tulizungumza habari za kuni na chumvi tu.

Halafu ikaja asubuhi ambayo mzee alinikabidhi mnyororo.

"Leo vuta wewe," alisema. "Fupi. Vuta, achia."

Nilitoa pumzi, nikavuta. Ng'ombe akalia. Nikaachia. Mnyororo haukurudi. Ulibaki umening'inia chini kama kamba ya ndoo iliyokatika, na king'ora kikaendelea kulia, kikapita pale kinapokatika siku zote, kikaendelea. Mzee alichukua spana akaanza kugonga kitu kule juu huku akikitukana kwa Kizinza. Mlio mfupi ulikuwa umegeuka mrefu.

Nikatazama mlangoni. Kutoka kwenye mistari ya nyumba wanawake walikuwa wanakuja wakikimbia. Mmoja na mwiko. Mmoja na mtoto mgongoni, mtoto kichwa kikirukaruka. Mmoja alikuwa amejisetiri kwa kitambaa cha kufunikia unga. Na mbele ya wote, akiwaacha kwa mbali, khanga imemwanguka mabegani, kiatu kimoja mguuni, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, alikuwa jirani yangu mtulivu wa Pangani. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Uso wake ulikuwa uso niliokuwa nadhani ninao mimi peke yangu kambi nzima.

Nilitoka mbio kuwakabili. Kiswahili chote kilinikimbia, pamoja na kile nilichosahihishwa. Nilipunga mikono nikilia kwa Kisukuma, "Mhola! Mhola duhu!" yaani ni salama, ni salama tu, na nadhani hata wasiojua neno moja la Kisukuma walielewa, kwa sababu walisimama. Nyuma yangu king'ora kikakatika. Kikombe nilikuwa nimekiacha huko ndani, na mpaka leo sijui mikono yangu ilikuwa inafanya nini wakati ule. Sikuwa na nafasi ya kuitazama.

Yule mwenye mwiko alinirushia mwiko. Ulinipata begani. Mzee naye alikuja kupewa maneno makali na bwana wa mashine, akayapokea kwa utulivu kwa sababu hakuyasikia.

Wanawake hawakurudi nyumbani mara moja. Tulikaa kwenye nyasi palepale, tukihema, mmoja mmoja akianza kucheka kwa ile namna ya mtu anayekaribia kulia. Ndipo yakaanza kutoka. Mwenye mtoto alisema kikilia kila asubuhi yeye huingia chini ya kitanda na mtoto, na amemwambia mumewe kwamba wanacheza. Mwingine alisema huimba wimbo wa kanisani kwa nguvu mpaka kinyamaze. Tukamtazama mwanamke wa Pangani. Alikuwa anajifunga khanga yake upya, akichukua muda wake.

"Mimi," alisema, "nakuna nazi."

"Si tunakuona," nilisema.

"Nazi hazina kitu ndani. Nazi zipatikane wapi huku? Ni vifuu. Nakuna vifuu."

Tulicheka mpaka msimamizi akatuma mtu kuja kututawanya.

Toka wiki hiyo tulianza kutwanga pamoja. Hakuna aliyeitisha mkutano. Yule mwenye mtoto alileta kinu chake uwanjani karibu na wakati wa zamu, nikaleta changu, wengine wakaja. King'ora kikijikohoza tunainua michi, kikilia tunashusha, na kelele za michi mingi kwenye vinu vingi si kelele ya mchezo. Niliwafundisha kutoa pumzi, wakaniambia kwamba kila mtwangaji anatoa pumzi anaposhusha mchi na sikuwa na la kuwafundisha. Hilo ni kweli. Mtama wa kambi ile ukawa laini kuliko mtama wowote niliowahi kula, maana tuliutwanga kupita haja. Mikono ilitetemeka bado siku nyingine. Lakini mikono ya mtu anayetwanga inatetemeka kwa haki.

Jioni ya siku ile mnyororo ulipokwama, mume wangu alikuja na habari tayari, kwani huko chini walikuwa wameambiwa na zamu iliyoingia. Alikaa karibu na jiko.

"Kwani wewe unadhani mimi kule nafanyaje?" aliuliza.

"Sijui. Hujawahi kusema."

"Natapika. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kizimbani, nyuma ya yale magogo. Tuko wengi. Siku nyingine inabidi usubiri mwenzako amalize."

Nikamuuliza, "Na siku ile? Ulipotoka ukaniuliza nimepika nini?"

Akachokonoa moto kwa kijiti. "Mule ndani nilikaa natafuta neno la kukuambia nikitoka. Nilijua nisipokuwa nalo tayari, nitafungua mdomo itoke sauti ya mtoto mbele ya wanaume wote wale. Hilo ndilo nililolipata."

Nilikaa nikaipasha moto chai ya asubuhi, na ingawa ilikuwa jioni nikainywa, na yeye akanywa.

Basi nikawa na mgonjwa wa pili, na huyu alikuwa mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu alikuwa na maoni. Nilimpa maji ya baridi, akakataa. Nikamzuia asile uji kabla ya kushuka, ale akishafika chini, hilo akalikubali. Jirani alitoa tangawizi, mume wangu akaambiwa atafune kipande njiani taratibu, asikimeze. Akasema inawaka kama dhambi. Lakini alipita kwenye magogo siku hiyo bila kusimama. Akawapa wenzake. Baada ya muda jirani alikuwa anaagizia tangawizi kutoka Mwanza kwa kila dereva wa lori aliyemfahamu, na wanaume wa zamu ya mume wangu wakawa wananuka kama jiko la harusi.

Sitasema alipona. Msimu wa pamba ulipokaribia alikwenda kwa nyapara asubuhi moja ya Jumatatu, akiwa ameoga na kuvaa shati la kanisani, akamwambia anaacha kazi. Nyapara alimuuliza kama kuna mtu amemkosea. Akasema hapana. Akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, yuko mzima, na ndiyo maana anaondoka sasa. Nyapara alidhani amepata kazi kwenye almasi na akamtakia heri kwa shingo upande.

Jirani yangu wa Pangani alitusindikiza mpaka kwenye lori. Alinisahihisha Kiswahili kwa mara ya mwisho, maana nilisema "kwa heli," halafu akanikumbatia muda mrefu mpaka utingo akaanza kupiga kofi ubavu wa gari. Yeye na mumewe walibaki miaka kadhaa bado.

Tulipanda juu ya magunia, tukashika njia ya Kahama kuelekea kwetu. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Vilima vilianza kushuka, kimoja baada ya kingine, mpaka nchi ikawa wazi na ningeweza kuona moshi wa nyumba za watu nisiowajua. Mume wangu alilala tangu tulipovuka daraja la kwanza. Alilala chali juu ya mpunga wa watu, mdomo wazi, vumbi likiingia na kutoka, lori likimrusha juu na kumpokea. Abiria mmoja aliniuliza kama mgonjwa wangu atafika.

"Si mgonjwa," nilimwambia. "Amelala tu. Mwache alale."